Mwanao Akienda Kuishi Hifadhini: Tuliyojifunza Rugera, Karagwe na Kyerwa

Ukitoka Bukoba kwenda Karagwe, utafika kwanza Kyaka, kando ya mto Kagera. Hapo njia zinaachana. Moja inavuka daraja kwenda Mutukula, mpakani mwa Uganda. Daraja hilo ndilo lililobomolewa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, na wazee wa Kagera hawajalisahau. Njia ya pili inaanza kupanda vilima. Hewa inabadilika, joto la ziwani linabaki nyuma, na kabla hujafika Omurushaka utakuwa umeshatafuta sweta kwenye mkoba. Huku ndiko Karagwe, nchi ya Wanyambo, nchi ya migomba, kahawa na ng'ombe wa pembe ndefu. Kutoka Omurushaka njia nyingine inakwenda Nkwenda, Isingiro na Murongo, katika wilaya ya Kyerwa ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Karagwe.

Rugera na majirani zake ni watu wa kibanja. Nyumba imesimama katikati ya migomba, na mlango wake hauna tabia ya kufungwa mchana. Mgeni akifika hukaribishwa kwanza, maswali baadaye. Ataletewa kahawa ya kutafuna, kisha ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, na ikiwa ni msimu wa senene, basi ana bahati. Lakini Waswahili wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na makala hii, mama msomaji, inamhusu mgeni wa siku ya tatu.

Siku hizi kuna vijana wengi wanaokwenda kukaa katika hifadhi za taifa kwa miezi kadhaa bila mshahara. Wengine ni wanafunzi wa vyuo wanaofanya mazoezi ya kazi. Wengine wamemaliza masomo, wamekosa ajira, na wanaomba kujitolea ili wapate ujuzi na barua nzuri. Wengine wanatoka Ulaya na Marekani. Inawezekana mmoja wao ni mwanao, au ni mtoto wa jirani yako. Atakuja siku moja na karatasi mkononi, akuambie, "Mama, nimekubaliwa." Karatasi hiyo itakuwa na orodha ya masharti. Wazazi wengi huitazama juu juu, wakauliza habari ya nauli, wakaombea safari njema. Tunakuomba usiishie hapo. Soma masharti hayo yote, kwa kuwa kila moja lina kisa nyuma yake, na baadhi ya visa hivyo ni vya machozi.

Hifadhi mbili ndogo mpakani

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Magharibi ya Karagwe na Kyerwa kuna hifadhi mbili: Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Zamani yalikuwa mapori ya akiba. Mwaka 2019 yalipandishwa hadhi yakawa hifadhi za taifa chini ya TANAPA, mwaka uleule ambao Burigi-Chato nayo ilipandishwa. Hifadhi hizi mbili si kubwa; kila moja haifiki kilomita za mraba 300, wakati Serengeti peke yake inapita 14,000. Ibanda-Kyerwa imekaa kwenye pembe ambako Tanzania, Rwanda na Uganda zinakutana, na mto Kagera ndio mpaka. Ng'ambo ya mto, upande wa Rwanda, iko hifadhi ya Akagera iliyoanzishwa mwaka 1934.

Kupandishwa hadhi si suala la kubadili kibao barabarani. Katika pori la akiba mtu aweza kuwinda akiwa na kibali. Katika hifadhi ya taifa hakuna kuwinda kabisa, hakuna kuchunga, hakuna kukata kuni. Kwa hiyo mama wa Kyerwa aliyezoea kuliona pori lile kama jirani, siku hizi analiona kama nyumba ya mtu yenye mlango na mlinzi. Tembo, nyati au kiboko akitoka humo akaharibu shamba, serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina yenyewe yanatosha kukueleza kwamba hakuna anayedai kulipa hasara yote. Jasho linafutwa tu, halirudi mwilini.

Kijana anayekuja kujitolea anaingia katikati ya mambo hayo. Yeye anaona swala na machweo ya jua. Mwenyeji wake anaona kuni ambazo haruhusiwi kuokota. Kijana asiyelijua hilo ataumiza watu bila kukusudia, na sharti la kwanza la adabu ni kujua umefika kwa nani.

Mgeni wa Mfalme Rumanyika

Hifadhi ya Rumanyika imepewa jina la mfalme wa Karagwe, Rumanyika, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Mwezi wa Novemba mwaka 1861 alifikiwa na Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Njiani walikuwa wametozwa hongo na karibu kila mtawala. Karagwe waliambiwa kwamba humo wageni hawatozwi kodi, na vijiji vikaamriwa kuwapa chakula. Speke aliendelea na safari kwenda Buganda mwezi Januari 1862. Grant hakuweza, kwa kuwa mguu wake ulikuwa na donda baya. Alibaki kwa Rumanyika mpaka mwezi wa Aprili, kisha akaondoka akiwa amebebwa kwenye machela. Miezi yote hiyo alikuwa mgonjwa katika nchi ya watu, na alikula chakula cha watu. Ukarimu wa Karagwe, basi, ni jambo lililoandikwa na wageni wenyewe.

Lakini katika vitabu hivyohivyo kuna habari nyingine ambayo sisi wanawake hatuwezi kuipita kimya. Wake wa jamaa ya kifalme walinyweshwa maziwa mengi ili wanenepe sana, kwani huo ndio uliokuwa uzuri wa wakati ule. Speke alipomwona shemeji yake mfalme alistaajabu, akataka kumpima mwili. Walikubaliana: yeye amwonyeshe mikono na miguu yake myeupe, na mama yule akubali kupimwa. Akampima mkono, kifua, paja na kigimbi. Kisha mwaka 1863 akavichapisha vipimo hivyo katika kitabu chake, na mpaka leo mtu yeyote duniani anaweza kuvisoma.

Je, mama yule alikubali? Alikubali kupimwa. Hakuna aliyemwuliza kama anakubali mwili wake usomwe London na watu asiowajua, tena kwa kicheko. Kukubali jambo moja si kukubali yote yatakayofuata.

Sasa tazama simu iliyo mkononi mwa mwanao. Katika masharti mengi ya kambi utakuta neno hili: usipige picha za watu bila idhini, na usizitangaze bila ruhusa ya kiongozi. Vijana huliona ni sharti la bure. Waeleze habari ya Speke na shemeji yake Rumanyika. Mama anayelima kibanjani akiwa amefunga khanga kiunoni hana nguo za picha. Mtoto anayeoga kisimani ana mama yake. Msichana wa shule aliyetabasamu mbele ya simu hajui picha hiyo itakwenda wapi. Ukarimu wa mwenyeji haumaanishi kwamba ametoa haki yake.

Mama aliyekwenda na bintiye

Kisa kinachofuata kilitokea Kigoma, mkoa unaopakana na Kagera upande wa kusini. Tunakieleza kwa sababu Gombe ndiko ambako kwa miaka mingi vijana wameishi porini kwa ajili ya wanyama, na masharti mengi tunayoyaona leo yanaeleweka vizuri zaidi ukijua yaliyotokea huko.

Tarehe 14 Julai 1960, Jane Goodall alishuka ufukweni Gombe ili awachunguze sokwe. Alikuwa na umri wa miaka 26 na hakuwa na shahada. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walikataa msichana akae msituni peke yake. Walitaka awe na mwenzake. Aliyekuja naye hakuwa askari wala mtaalamu. Alikuwa mama yake mzazi, Vanne. Mama huyo aliishi hemani kwa miezi ya mwanzo, na hakukaa bure. Alifungua zahanati ndogo ya kuwasaidia wavuvi na familia zao kwa dawa za kawaida. Kwa njia hiyo wenyeji walimfahamu binti kupitia kwa mama, na wakamwamini. Jane Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa amekwisha kuwa mtu mashuhuri duniani, lakini mwanzo wake ulikuwa hema moja na mama ndani yake.

Wengi wetu hatuwezi kumfuata mtoto hifadhini. Tuna kazi, tuna wadogo wanaosoma, na nauli ni ya mmoja. Lakini swali walilouliza wakubwa wale bado ni swali zuri: atakuwa na nani?

Baadaye Gombe ilipata watafiti na wanafunzi wengi. Mwaka 1969 msichana mmoja mtafiti alikuwa akimfuata sokwe milimani, akaanguka kwenye genge akafa. Ilichukua siku kadhaa kumpata. Baada ya msiba huo wanafunzi walitakiwa kwenda porini pamoja na msaidizi Mtanzania anayeijua nchi. Basi mwanao akikulalamikia kwa simu kwamba huko hata kwenda mtoni lazima aage na aongozane na mtu, usimwonee huruma. Mwambie kuna mzazi mahali fulani ambaye angetoa kila alicho nacho ili sharti hilo liwe limekuwako mapema.

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha kutoka Zaire walivuka ziwa Tanganyika, wakaingia Gombe wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Baadaye wote waliachiliwa, lakini wazazi wao walikuwa wamepitia majuma ya mateso. Wanafunzi wa kigeni waliondolewa, na kazi ya kuwafuata sokwe kila siku ikabaki mikononi mwa Watanzania, ambao waliiendeleza bila kukatika. Kisa hiki kinafundisha mambo mawili. La kwanza, hifadhi ya mpakani ina mambo yake. Ibanda-Kyerwa inapakana na nchi mbili, na kijana asivuke mto Kagera wala kuzurura kandokando yake kwa sababu tu ng'ambo inaonekana karibu. La pili, wageni huja na kuondoka, lakini wanaobeba kazi ni wenyeji. Anayejitolea asijione kuwa ndiye aliyekuja kuwaokoa.

Ndizi, mafua na nyama

Kuna sharti ambalo hurudiwa katika kila hifadhi: usimlishe mnyama. Gombe walianza kuwapa sokwe ndizi tangu miaka ya 1960 ili waje karibu wachunguzwe vizuri. Lilionekana jambo jema. Lakini sokwe walianza kugombana na kupigana kwa ajili ya ndizi, na watu na sokwe wakawa wanakutana karibu mno. Mwishowe ulishaji huo ulikomeshwa kabisa mwaka 2000. Ikiwa wataalamu walijifunza hilo kwa miaka mingi, mwanao asifikiri kwamba ganda moja la ndizi kwa nyani wa Karagwe ni huruma. Nyani aliyezoea mkono wa mtu kambini kesho atakuwa kibanjani kwa mama wa watu, na mwanao atakuwa amesharudi nyumbani.

Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walipatwa na ugonjwa wa kupooza, polio. Wengine walikufa, wengine wakabaki vilema. Ndiyo maana mpaka leo mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia. Na hatari inakwenda pande zote mbili. Mkoa wa Kagera umepatwa na ugonjwa wa Marburg mara mbili, mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Virusi vya ugonjwa huo hukaa kwa popo. Kwa hiyo sharti la kutoingia mapangoni bila ruhusa, la kutogusa mzoga, na la kutoa taarifa mara moja ukipata homa, si woga wa wakubwa. Kijana mwenye homa asijitie ushujaa wala asimeze vidonge alivyopewa na mwenzake. Aseme.

Na nyama? Hapa tuseme wazi. Nyama ya porini ni kosa la jinai. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haitaki mtu apatikane na nyama, ngozi, pembe wala jino la mnyama wa porini bila kibali, na watu wamefungwa kwa ajili hiyo. Mwanao akialikwa mahali akapewa kitoweo asichokifahamu, aulize kwa upole. Akipewa zawadi ya ngozi, ashukuru na akatae. Wala asiokote pembe iliyoanguka yenyewe ili akuletee nyumbani uitundike ukutani. Zawadi ya mama iwe kahawa ya Karagwe. Ni nzuri, na haimpeleki mtu mahakamani.

Pori la Karagwe limeshaonja uchungu wa watu kuishi kwa nyama na kuni zake. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe kwa maelfu mengi, wakakaa mpaka mwisho wa mwaka 1996. Walikuwa akina mama kama sisi, wakiwa na watoto wa kulisha na sufuria za kuchemsha. Hakuna wa kuwalaumu. Lakini miti ilikatwa na wanyama wakapungua sana katika mapori hayo. Upande wa pili wa mto nako kulikuwa na hasara: simba wa Akagera waliisha kabisa katika miaka iliyofuata vita, na ilibidi waletwe wengine kutoka Afrika Kusini mwaka 2015. Vifaru nao wakarudishwa mwaka 2017. Kinachopotea kwa miaka miwili hurudi kwa miaka ishirini, tena kwa gharama kubwa. Ndiyo maana kambi yenye akili humwambia anayejitolea alete nguo za baridi ya usiku kuliko kuwasha moto mkubwa wa kuni.

Binti, kijana wa kiume na mlango wa kulala

Sasa tuje kwenye jambo ambalo akina mama huliwaza na kuona haya kulisema. Kambi ni mahali pa mbali. Wapo wakubwa wenye mamlaka, wapo vijana wasio na mshahara wanaotafuta barua ya sifa. Pale ambapo mtu mmoja ana uwezo wa kumpa mwingine kazi au kumnyima, kishawishi kipo, hata kama wote ni watu wema. Sharti zuri ndilo linaloziba nafasi hiyo kabla haijaingiliwa.

Kwa hiyo uliza. Wasichana wanalala wapi, na mlango una komeo la ndani? Choo na bafu viko umbali gani, na usiku mtu anakwendaje? Je, kuna mwanamke mtu mzima kambini? Ikiwa anayemkosea ni mkubwa wa kambi mwenyewe, binti atakwenda kusema kwa nani? Mwenyeji mwema hatachukia maswali haya. Akichukia, hilo nalo ni jibu.

Na wewe mwenye mtoto wa kiume, usilale usingizi ukidhani haya ni ya wenye mabinti. Kijana anayefika kijijini na viatu vizuri, simu na maneno ya mjini, huonekana mtu mkubwa kuliko alivyo. Msichana wa Rugera au Nkwenda anaweza kuamini ahadi ambayo mwanao ameitoa kwa mchezo. Yeye ataondoka baada ya miezi mitatu. Binti wa watu atabaki na aibu, pengine na mimba, na masomo yamekatika. Masharti mengi hukataza kuingiza wageni vyumbani, hukataza ulevi, na hukataza uhusiano wa mapenzi na wanafunzi wa kijijini. Rubisi ya Kagera ni tamu, na mgeni hukaribishwa kwayo kwa moyo mweupe. Kijana afundishwe kukataa bila kudharau: apokee kwa mikono miwili, ashukuru, aombe chai.

Ahadi za fedha nazo ziepukwe. Anayejitolea asimwahidi mtoto ada, wala asimwahidi mzee kwamba atamtafutia mfadhili. Ahadi isiyotimizwa humharibia njia kila atakayemfuata.

Vitu vya kufungasha

TANAPA siku hizi huendeshwa kwa mfumo wa jeshi usu. Hapo kuna amri, kuna saa, na kuna vyeo. Kijana aliyezoea kuamka apendapo ataona taabu juma la kwanza. Mzoeze nyumbani: alale mapema, aoshe chombo alicholia, atandike kitanda, aseme "ndiyo" kabla ya "lakini."

Usimfungashie nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi. Raia haruhusiwi kuzivaa. Nguo nyeusi na za buluu huwavutia mbung'o, basi chagua za rangi ya kaki au udongo. Weka sweta, koti la mvua, viatu vya kufunika mguu, chandarua, tochi na dawa anazotumia kila siku. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo mpe kikapu au mfuko wa kitambaa. Asibebe mbwa wala paka, kwa kuwa wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi hifadhini. Redio iwe ya sauti ya chini. Kama ataendesha gari la kambi, ajue kwamba mwendo wa hifadhini hauzidi kilomita 50 kwa saa, na kuacha barabara kwa kufuata mnyama ni kosa.

Ikiwa umepokea kijana wa kigeni nyumbani kwako akiwa njiani kwenda huko, mkumbushe aangalie hati zake. Anayekuja kujitolea haji kama mtalii. Sheria inamtaka awe na kibali cha ukaazi cha daraja C.

Maswali ya kuuliza kabla ya safari

Kaeni mezani, wewe, baba na mtoto, na karatasi ya masharti mbele yenu. Andikeni majibu ya haya:

Kiongozi wake ni nani, na namba yake ya simu ni ipi?

Chakula ni juu ya nani? Atachangia kiasi gani, na atapika mwenyewe au kwa zamu?

Akiugua usiku, gari liko wapi, na hospitali ya karibu ni ipi?

Kazi yake hasa ni nini: kuotesha miche, kufungua njia, kuandika kumbukumbu, kufundisha watoto shuleni? Anayekwenda bila kazi maalumu huishia kuwa mzigo jikoni.

Ana siku gani ya mapumziko, na anaruhusiwa kwenda ibada?

Ni kosa gani litakalomrudisha nyumbani siku hiyohiyo, na nauli ya kurudi atakuwa nayo nani?

Atawasiliana nanyi siku gani? Vilimani simu haishiki kila mahali. Mkubaliane juu ya siku moja kwa juma, ili ukimya wa siku mbili usikutie wazimu, na ukimya wa majuma mawili usikupite.

La mwisho, mwulize yeye mwenyewe: ukiondoka huko, utakuwa umewaachia nini?

Swali hili ndilo jembe. Rugera, Karagwe na Kyerwa hawahitaji mgeni wa kuwaonea huruma. Tangu siku za Rumanyika wamekuwa wao ndio wanaolisha wageni. Wanahitaji mtu anayeamka mapema, anayeshika alichoambiwa, anayeheshimu mama wa nyumba, na anayeondoka bila kuacha deni, takataka wala chozi. Kijana wa namna hiyo hatengenezwi na karatasi ya masharti peke yake. Anaanza kutengenezwa nyumbani, siku anapotumwa kwa shangazi kukaa likizo, na mama anamwambia, "Ukifika, usisubiri kuambiwa. Chukua ndoo, nenda kisimani."